Zamu za Dada na Vituo Nilivyovibuni

Dada yangu ni muuguzi mkunga katika kituo kimoja cha afya katika vijiji vya Mnero, na kwa miaka kadhaa wenzake walikuwa wakikwepa kupangwa naye zamu. Hawakumkwepa kwa ubaya. Walimpenda, walikula kwake, walimwachia watoto wao walipokwenda mjini Nachingwea. Ila waliamini kwamba akiingia yeye kazini, wajawazito humiminika. Zamu za wengine watu hunywa chai na kusukana nywele. Zamu yake, kiti hakikaliwi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya Ruangwa. Habari hizo nilikuwa nazisikia kama utani wa kazini, mpaka likizo moja nilipokwenda kumtembelea. Tulikuwa uani, kwenye mkeka, tunachambua mbaazi, mwenzake mmoja akapiga hodi. Ni mwanamke wa Kimakonde, mcheshi, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa Newala. Yeye na dada hawawezi kusalimiana bila kutaniana.

"Nimekuja kuomba radhi kabla sijakosa," akasema akiwa bado amesimama. "Ratiba mpya imetoka, nimepangwa na wewe Alhamisi. Nimemwomba mfawidhi anihamishe."

Mganga mfawidhi ndiye mkuu wa kituo chao.

"Kwani mimi nina nini?" dada akauliza.

"Una mvuto. Nikikaa na wewe naondoka miguu imevimba kuliko ya hao wazazi wenyewe."

Wakacheka wote wawili. Mgeni akapewa kiti, akapewa chai, akaondoka na kisado cha mbaazi. Dada alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akakaa, akaendelea kuchambua. Baada ya muda akaniuliza bila kuinua macho:

"Unadhani kweli?"

"Kweli nini?"

"Kwamba nawavuta."

Hakuwa anacheka tena. Nilimtazama nisijue kama analiogopa jibu au analitamani. Nikamwambia sijui, lakini hilo ni swali linaloweza kuulizwa na likajibiwa, tena ni swali la aina niliyokuwa naishi nayo mwaka mzima.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya takwimu kwa masafa huku nikifundisha. Msimamizi wangu, mzee mpole aliyeko Dar es Salaam ambaye tulizungumza zaidi kwa simu kuliko ana kwa ana, alikuwa amenipa kazi ya kupima njia mpya ya kutafuta mipangilio katika data. Njia za zamani unaziambia pa kutazama: angalia kama dawa ya mikorosho na mavuno vinakwenda pamoja, basi. Hii mpya huiambii. Unaimwagia kila ulichonacho, nayo inapekua yenyewe, kisha inakuletea jibu kwamba kitu hiki na kitu kile vinaandamana. Walioibuni waliisifu sana. Mimi nilitakiwa nijue ni wakati gani uiamini na wakati gani uikatae.

Ugumu uko hapa: ukiipa data za kweli ikakuambia imeona kitu, utajuaje kama kipo? Ukweli huujui, ndiyo maana ukaiuliza. Kwa hiyo unabuni dunia ndani ya kompyuta, dunia ambayo ukweli wake umeuweka wewe mwenyewe. Unaficha mpangilio, unaona kama njia itaufukua. Halafu unabuni dunia nyingine isiyo na mpangilio wowote, unaona kama itanyamaza. Unarudia mara mamia, kwa sababu jibu la mara moja linaweza kuwa bahati tu. Kwa mimi mwalimu jambo hili halikuwa geni. Ni mtihani ambao majibu ninayo mkononi, na mtahiniwa ni njia yenyewe.

Nilimweleza dada haya yote ungo ukiwa mapajani. Alinisikiliza kwa ule utulivu wake wa kazini, kama anavyomsikiliza mama anayeeleza maumivu yalianzia wapi.

"Basi nipime," akasema.

Mfawidhi hakukataa. Nadhani naye alikuwa amechoka kupangua ratiba kwa sababu ya mvuto wa mtu. Alinipa hesabu tupu: kila siku wamezaliwa wangapi, mchana na usiku, na nani alikuwa zamu, wauguzi wakiwa wameandikwa kwa herufi; ya dada tu ndiyo aliyonitajia. Hapakuwa na jina la mama wala la mtoto, na hapakuwa na haja nayo.

Niliijaribu njia ile mara ya kwanza kwenye meza ya dada ya kulia chakula. Yeye alikuwa ametoka kazini, bado yuko na sare, amevuta kiti karibu yangu. Kompyuta ilipekua kidogo, ikaleta majibu. Juu kabisa, mbele ya mengine yote, ilikuwa imeunganisha herufi moja na idadi ya watoto.

"Hiyo herufi ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

Nikaona anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeambiwa amependeza. Akainuka kwenda kugeuza kisamvu jikoni. Niliuona ule uso wake, ila wakati ule sikuutilia maanani, maana mawazo yangu yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Bado sijaipa mtihani."

"Si imeshasema?"

"Imesema. Ila sijui kama ni msema kweli."

Nikarudi Ruangwa na zile hesabu, nikaanza kujenga vituo vyangu.

Nilikuwa nafanya kazi hiyo Jumamosi na mchana baada ya vipindi, kwenye chumba chetu cha mbele, dirisha likiwa wazi upande wa jirani aliyeanika ufuta wake kwenye turubai. Kituo cha kwanza kilikuwa rahisi. Niliiambia kompyuta watoto wazaliwe kwa bahati tu, idadi yao kwa mwaka ikaribiane na ile ya kule kwa dada. Wauguzi wapangwe zamu kwa kura. Hakuna hata mmoja mwenye mvuto. Kisha nikaiambia inizalishie vituo vingine kama hicho, mamia.

Kabla ya kuviingiza kwenye njia niliamua kuvitazama kwa macho, kimoja kimoja. Sikutegemea nilichokiona. Nilidhani vituo vya bahati tupu vingekuwa tulivu, watoto wawili leo, wawili kesho. Wapi. Kulikuwa na siku za ukimya zinazofuatana, halafu gharika. Karibu kila kituo kilikuwa na muuguzi ambaye ungeapa kwamba amebeba kitu. Nilimwona mmoja ambaye kila akiingia wanazaliwa wengi, nikajikuta nasema peke yangu, "Huyu naye vipi?" Na mimi ndiye niliyemtengeneza. Nilijua hana lolote, kwa sababu sikumpa. Watoto wangu walinikuta nacheka na kompyuta, wakaenda kumwambia baba yao.

Njia yenyewe ilifanya vizuri kuliko macho yangu. Katika vituo vile visivyo na kitu ilinyamaza karibu kote. Ilipiga kengele ya bure mara chache, kwa kiasi ambacho wanatakwimu wamekubaliana kuvumilia, tano hivi katika kila mia. Hivyo ilikuwa msema kweli. Na kama ni msema kweli, basi ilikuwaje ikamnyooshea kidole dada yangu?

Sitaficha kwamba kwa kipindi fulani niliamini. Nikiwa darasani nafundisha vipeo, nilimwona dada anaingia wodini na kina mama wanafunga safari toka vijijini, hawajui kinachowaita. Nilijiuliza kingekuwa nini. Harufu? Sauti? Nikakumbuka mambo ya utotoni, jinsi kuku wa jirani walivyokuwa wakija kutaga kwetu kwenye kikapu alichokiweka yeye. Akili ikishapewa jibu inatafuta ushahidi yenyewe, tena kwa furaha.

Nilimpigia msimamizi nikamweleza. Hakucheka.

"Vituo vyako vya kubuni vinafanana na kituo cha dada yako?"

"Vinafanana, mwalimu. Idadi ya watoto ni ileile, idadi ya wauguzi ni ileile."

"Nimekuuliza kufanana. Kwake siku zote ni sawa? Na ratiba yao inapangwa kwa kura?"

Ratiba ya kura niliibuni mimi kwa sababu ilikuwa rahisi kuiandika. Sikuwahi kuuliza ratiba ya kweli inapangwaje.

Siku hiyohiyo nikampigia dada. Alikuwa mapumzikoni, nilisikia vikombe.

"Dada, kuna siku ambazo ni zako wewe kila mara?"

"Jumapili," akajibu bila kufikiri. "Na Krismasi, na Pasaka. Wenzangu karibu wote wanakwenda kanisani. Wao Ijumaa na Idi wananishikia mimi."

"Na Jumapili kunakuwaje hapo?"

"Kunajaa."

"Kwa nini?"

"Sijawahi kujiuliza. Ngoja." Nikamsikia anamwita yule rafiki yake wa Kimakonde, akampa simu.

"Shemeji wa takwimu," yule akaanza. Ananiita shemeji bila sababu yoyote. "Jumapili waume wapo nyumbani. Siku za kazi mwanamume yuko shambani, au yuko machimboni Namungo, bodaboda ziko gulioni. Mama akianza uchungu Jumamosi, wanamwambia vumilia, kesho yupo wa kukupeleka. Angeanza Jumanne, huyo huyo angejifungulia nyumbani kwa bibi yake, na sisi tusingemwona."

"Kwa hiyo siku ya Jumapili anakuja kwenu."

"Anakuja kwa dada yako. Sisi tunaimba kwaya."

Nikarudi kwenye kompyuta. Nilijenga vituo vipya ambavyo Jumapili ina watu wengi kuliko siku nyingine, na nikamweka muuguzi mmoja anayechukua Jumapili za wenzake. Mvuto sikumpa hata chembe. Nikaandika hivyo kwa herufi kubwa kwenye programu yangu, kana kwamba kuna mtu angenishtaki baadaye: HUYU HANA. Nikaiachia njia ipekue.

Ilimnyooshea kidole. Kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilisimama nikakaa tena. Iliendelea kumnyooshea kidole kituo baada ya kituo, mara nyingi mno, yule mwanamke wa kubuni asiye na hatia. Nilikuwa nimeipa njia pia taarifa za siku za wiki, hivyo ingeweza kuchagua Jumapili kama ingetaka. Wakati mwingine iliichagua. Wakati mwingine ilimchagua muuguzi. Kwa kuwa hao wawili walikuwa wanatembea pamoja kila wakati, haikuweza kujua ni yupi anayekuja na wageni na yupi ni mwenzake wa njiani tu.

Nilirudi kwenye data za kweli, nikazitoa Jumapili na sikukuu zote, nikapima upya. Jina la dada, yaani ile herufi yake, likashuka likapotea katikati ya wenzake.

Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Jirani aliyekuwa anapeta ufuta aliniuliza kuna nini, nikamwambia kazi imekubali. Nilikuwa na furaha ya aina mbili. Moja ilikuwa ya tasnifu: katika maandishi yote ya walioibuni njia ile niliyokuwa nimeyasoma, sikukuta mahali walipoijaribu kwa vitu viwili vinavyoandamana kiasi hicho. Walikuwa wameitungia mtihani mwepesi. Furaha ya pili ilikuwa ya nyumbani. Niliona nimempatia dada kitu cha kuwaonyesha wenzake, ili waache kumpangua kwenye ratiba kama mtu mwenye mkosi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta uani anaanika sare zake. Sikungoja hata chai. Nilimweleza habari za Jumapili, za yule muuguzi wa kubuni, na jinsi herufi yake ilivyoshuka. Alikuwa anasikiliza huku mikono ikiendelea na kamba.

"Kwa hiyo ni Jumapili," akasema.

"Ni Jumapili."

"Si mimi."

"Si wewe, dada. Huna chochote."

Aliibana sare ya mwisho kwa kibanio, akaichomoa, akaibana tena palepale.

"Nilikuwa nimeanza kuipenda," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza kuipenda nini.

"Hiyo habari yao ya mvuto."

Dada hakujaliwa mtoto. Nyumbani tulikuwa hatulizungumzi. Ndoa yake ilivunjika kwa ajili hiyo, mume akaoa kwingine, na yeye akaomba kazi ya huku Mnero ambako hakuna aliyemjua. Wanangu wawili wanamwita mama mkubwa na likizo wanagombania kulala chumbani kwake. Nilidhani hilo limetosha. Nilidhani, kwa kweli, kwamba alishasahau.

"Wanapokuja wale bibi kumsindikiza mzazi," akaendelea, "wananiuliza wewe una wangapi. Kila siku. Nikisema sina, wananitazama. Halafu huyu anakuja na utani wake, kwamba nikiingia mimi wanamiminika. Mwanzoni ulikuwa unaniuma. Baadaye nikawa najiambia, angalau wanakuja nikiwepo. Huo mvuto ulikuwa wangu. Na ile siku mashine yako iliposema ndiyo..." Akaiacha hapo.

Nilikaa kwenye ndoo iliyokuwa imepinduliwa pale karibu na kamba. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya takwimu. Nilimwambia tu, "Sikujua, dada."

"Ungejuaje?" akasema, na sauti yake haikuwa na lawama. "Njoo tunywe chai."

Tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Tuliongea habari za wanangu na za bei ya korosho kama watu wote. Alipokuwa anakusanya vyombo akasimama na sahani mkononi.

"Nikuulize swali la kijinga?"

"Uliza."

"Wapo wanaoulizia zamu yangu. Si wengi. Kuna mama wa Kimakua, kuna wa Kiyao, uchungu ukishakolea Kiswahili kinawatoka chote. Mimi kidogo kidogo nawajibu kwa lugha yao. Mmoja aliniambia alikaa kwa shangazi yake hapa jirani mpaka aliposikia nimeingia, ndipo akaja. Sasa, tuseme mvuto upo, lakini ni mdogo. Mdogo kama huo. Hiyo njia yako ingeuona?"

Halikuwa swali la kijinga. Nilikuwa nimetumia miezi nikijaribu kama njia ile inapiga kelele pasipo na kitu. Kama ina uwezo wa kusikia kitu kidogo kilichopo kweli, katika kituo kidogo kama cha kwao, nilikuwa bado sijafika. Niliiweka sehemu hiyo mwisho kwa sababu nilidhani ni ya kujazia kurasa tu.

"Sijui," nikamwambia. "Nitakwenda kuiuliza."

Safari hii nilivijenga vituo kwa uangalifu zaidi, nikiwaza kila mstari. Zamu nilizigawa kwa haki, Jumapili kila mtu na yake, ili pasiwe na kisingizio. Kisha nikampa muuguzi mmoja mvuto wa kweli, mdogo, wa namna aliyonisimulia: mara mojamoja mama mmoja anakaa kwa ndugu jirani mpaka ajue nani yuko zamu. Kinyume cha yule wa kwanza, kwa huyu niliandika: HUYU ANAO.

Njia ilinyamaza. Kituo kilichofuata, ikanyamaza. Nilikaa nikitazama majibu yakipita, moja baada ya jingine, yote yanasema hakuna kitu hapa, na mimi najua kipo, nimekiweka kwa mkono wangu. Ilikuwa hali ya ajabu. Nilikuwa nimezoea kuishangaa njia inapoona kisichokuwepo. Kumbe kuitazama inapita pembeni ya kitu kilichopo inashangaza zaidi, kwa sababu haionyeshi dalili yoyote. Kimya cha mahali pasipo na kitu na kimya cha mahali penye kitu kidogo vilifanana kabisa kwenye kioo.

Nikauongeza mvuto kidogo. Kimya. Nikauongeza tena. Ilianza kusikia mojamoja. Ilipofika kuusikia karibu kila mara, nilikuwa nimempa yule muuguzi mvuto mkubwa mno, kiasi kwamba hata mlinzi wa getini angeuona bila hesabu yoyote. Nikajaribu upande mwingine: mvuto uleule mdogo, lakini kituo kikubwa kama hospitali ya mkoa, na miaka mingi. Hapo ikausikia. Tatizo basi lilikuwa udogo wa kituo. Watoto wanaozaliwa pale hawatoshi kuuinua mvuto mdogo juu ya yale mawimbi ya bahati niliyoyaona mwanzoni.

Nilichora majibu yale kwenye grafu, nikautazama mstari wake kwa muda mrefu. Nilipenda umbo lake, jinsi ulivyolala chini kabisa kwa umbali mrefu kabla ya kuanza kupanda. Kisha nikapiga simu.

"Nimeiuliza," nikamwambia dada. "Ungekuwa nao mdogo kama ule, isingeuona."

"Kabisa?"

"Mara nyingi isingeuona. Kituo chenu ni kidogo."

"Kwa hiyo uliposema sina chochote..."

"Nilisema zaidi ya ninachokijua. Mkubwa huna, hilo nina uhakika nalo. Mdogo, sijui."

"Na kuna mwingine anayejua?"

"Kwa hesabu hizi, hakuna."

Nilimsikia anavuta pumzi kupitia puani, kama anavyofanya akitaka kucheka.

"Haya," akasema. "Basi huo mdogo niachie."

Nilipomweleza msimamizi, aliniambia sehemu ile niliyotaka kuifanya ya kujazia iwe sura nzima, tena itangulie mbele. Ilinilazimu kupangua tasnifu yote. Siku ya utetezi, maswali mengi yalitoka humo. Mtahini mmoja alitaka kujua kwa nini nilichagua ukubwa ule wa kituo na si mwingine, nikamjibu kwamba ndio ukubwa wa kituo halisi cha vijijini, na watu wa huko nao wana maswali. Hakuuliza zaidi. Nilipita, na masahihisho ya kutosha kunikalisha likizo nzima. Nilichoandika mwishoni hakikuwafurahisha sana wapenzi wa njia ile: kwamba inafaa pale ambapo vitu havitembei pamoja, kwamba vikitembea pamoja usiisadiki peke yake, na kwamba mahali padogo ukimya wake usiuchukue kama jibu.

Kule kituoni mambo yalibadilika kwa namna ya kawaida. Mfawidhi alipoona hesabu za siku za wiki aliacha kuongea habari za watu, akaweka wauguzi wawili kila Jumapili. Yule rafiki wa Kimakonde sasa anakwenda ibada ya kwanza, kisha anaingia kazini. Nilipokutana naye mjini Nachingwea sokoni, nilimuuliza kama ameridhika kwamba dada hana mvuto.

"Jumapili nimekubali," akasema akichagua nyanya. "Lakini Alhamisi na yeye, hapana. Sikai."

Dada hajawahi kuniuliza tena habari za njia ile. Ila amepata tabia mpya. Jumapili, akimaliza zamu, hunipigia simu, na mimi humuuliza ilikuwaje. Zipo siku anajibu amechoka, tutaongea kesho. Wiki iliyopita sauti yake ilikuwa imepumzika.

"Leo wamekuja wangapi?" nikamuuliza.

"Mmoja tu, wa kutoka huko ndani kabisa. Hajui Kiswahili sawasawa, tumehangaika na Kimakua changu cha kuokoteza."

"Na mtoto?"

"Wa kike. Amelia kwa nguvu mpaka mwenzangu akatoka huko alikokuwa anakunywa chai."

Nikasikia mlango unafunguliwa upande wake, mtu anamwambia maji yamechemka, naye akaniambia anakwenda kuoga.